Mvua Inayoinywesha Lamu

Kila ifikapo Agosti, redio za Kenya huanza kutaja majina mawili: El Niño na La Niña. Likitajwa la kwanza, wafugaji wa Tana River huanza kutafuta miinuko ya kuhamishia ng'ombe, na serikali za kaunti huanza kuomba fedha za mafuriko. Likitajwa la pili, watu hujikaza kwa ukame. Lamu nayo husikiliza, kwa kuwa ni miongoni mwa kaunti 23 kame na nusu kame zinazofuatiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA. Ila kwa mtu wa vijiji vya visiwani kama Siyu, Faza, Ndau au Kiwayu, habari hiyo humfikia jambo likiwa limeshapita. Maji atakayokunywa Agosti na miezi mingi inayofuata ama yalishaingia jabiani, yaani kwenye tangi la kukingia mvua, Mei na Juni, ama hayakuingia.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Katika mwaka wa kawaida Lamu hupata mvua ya karibu milimita 900 hadi 1,000. Zaidi ya nusu yake hunyesha kati ya Aprili na Juni, na Mei peke yake huchukua karibu theluthi. Januari na Februari ni ukavu mtupu wa kaskazi. Vuli, ambayo kwa wakulima wa Kitui na Makueni ndiyo tegemeo la chakula, huku ni ya rasharasha: Oktoba, Novemba na Desemba zikiwekwa pamoja hazifikii, kwa wastani, mvua ya Mei.

Hapo ndipo penye taabu ambayo sijaona ikisemwa wazi kwa watu wa visiwani. Katika misimu miwili ya mvua ya Afrika Mashariki, vuli ndiyo ambayo wanasayansi wamejifunza kuitabiri vizuri miezi kabla haijafika. Masika huwatoroka. Na Lamu hunywa masika.

Ni kwa nini Mei? Ukanda wa mvua hulifuata jua likielekea kaskazini, na hutupitia Machi na Aprili. Kufikia mwisho wa Mei, Nairobi na Ukambani huwa wamebaki na baridi na mawingu makavu. Pwani husalia na mvua kwa sababu ya kusi. Upepo huo huja kutoka baharini ukiwa umebeba unyevu, ukipiga ufuo kwa mshazari. Usiku nchi kavu hupoa, umande nao, yaani upepo wa nchi kavu, hutoka bara kwenda baharini. Pepo hizo mbili hukutana juu ya maji karibu na ufuo, hewa hupanda, na mvua humwagika alfajiri. Waumini wanaotoka kwenda kuswali wakiwa wamejifunika wanaijua mvua hiyo tangu utotoni. Watafiti waliochambua rekodi za saa kwa saa wamekuta jambo hilohilo: msimu huo, mvua ya pwani ya Kenya huelekea kunyesha usiku wa manane na asubuhi, ilhali ya bara hunyesha alasiri na jioni.

Kisha kusi hukomaa. Mwaka 1969 Mwingereza J. Findlater alichapisha maelezo ya mkondo mkali wa upepo unaopita chini chini, takriban kilomita moja na nusu juu ya ardhi, ukivuka ikweta kwenye eneo la Kenya na kukata kona kuelekea Bara Hindi. Wataalamu wa hali ya hewa bado huuita kwa jina lake. Ukishashika kasi, Juni hadi Agosti, hutupita na maji yake yote ukiyapeleka kwa wengine. Mbele ya Lamu, kwenye pwani ya Somalia, upepo huohuo huyasukuma maji ya juu ya bahari mbali na ufuo, na maji baridi ya vilindini hupanda kuchukua nafasi yao. Bahari baridi hainyeshi. Ndiyo maana Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka na Mogadishu haifiki 500. Lamu ipo katikati ya mteremko huo, na kusi ikiwahi au ikichelewa kukomaa kwa majuma mawili tu, tofauti inaonekana ndani ya mtungi.

Kuna kisa cha zamani kinachostahili kujulikana zaidi. Baada ya njaa kubwa ya India ya mwaka 1899, serikali ya kikoloni ilitaka kujua mapema mvua ya kiangazi ya India itakuwaje. Gilbert Walker, mwanahisabati aliyeshika uongozi wa idara ya hali ya hewa ya India mwaka 1904, alikusanya vipimo kutoka pembe zote za dunia akitafuta ishara. Katika ishara chache alizoziteua, mojawapo ilikuwa mvua ya Zanzibar ya Aprili na Mei. Ikizidi Zanzibar, aliona, India ina hatari ya kupungukiwa, maana kusi imechelewa kuondoka kwetu. Kwa hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, mvua inayoingia kwenye jabia zetu ilikuwa ikipimwa kwa makini ili kumsaidia mkulima wa Punjab. Kazi hiyohiyo ya Walker ndiyo iliyomfikisha kwenye ugunduzi wa bembea ya mgandamizo wa hewa kwenye Bahari ya Pasifiki, ambayo leo tunaijua kama nusu ya pili ya El Niño.

Sasa tuitazame vuli, ile inayotabirika. Kwa kawaida upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi, huko Sumatra na Java, huwa na maji ya moto zaidi, mawingu hujenga kule, na hewa inayoshuka upande wetu huzuia mvua. Miaka mingine mizani hugeuka. Maji ya Sumatra hupoa, ya upande wetu hupata moto, pepo za ikweta hugeuza njia, na mawingu hurundikana juu ya Afrika Mashariki. Hali hiyo ilielezwa rasmi mwaka 1999 na Saji na wenzake waliokuwa wakifanya utafiti Japani, wakaiita dipoli ya Bahari ya Hindi. Huanza kuonekana Juni, hukua hadi Oktoba au Novemba, na Desemba, kaskazi inapoingia, huvunjika.

Miaka yake ina sifa mbaya. Mwaka 1961 mafuriko yalienea kote Afrika Mashariki na Ziwa Victoria likaanza kupanda hadi likaongezeka zaidi ya mita 2 katika kipindi cha takriban miaka mitatu. Mwaka 1997 dipoli iliungana na El Niño kali. Garissa wakapata mafuriko na homa ya Bonde la Ufa, na miezi michache baadaye joto la bahari likaua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, yakiwemo yale ya Kiunga. Mwaka 2006, tena. Mwaka 2019, tena, bila El Niño yoyote ya maana, kuonyesha kwamba bahari yetu wenyewe inaweza kutuletea gharika pasipo msaada wa Pasifiki. Mwaka 2015 ulikuwa kinyume: El Niño ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kupimwa, nchi nzima ikajiandaa, na mvua haikufikia vitisho vilivyotangazwa. Watu wengi tangu hapo hawaamini tena utabiri. Nadhani wanakosea, lakini hasira yao naielewa.

Mwaka 2023 vyote viwili vilirudi pamoja. Barabara ya Garsen kuja Lamu ikakatwa na maji, magari yakakwama, bei za vyakula visiwani zikapanda. Hapa pana jambo la kuangalia. Maji yaliyokata barabara kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Mto Tana, yaani mvua iliyonyesha Mlima Kenya na Aberdare. Lamu inaweza kutengwa na mafuriko ya mvua iliyowanyeshea wengine, huku jabia za kisiwa cha Pate zikiwa na maji ya kawaida tu.

Mizani ya dipoli ikilalia upande wa pili, ukame hufuata. Mwaka 2016 dipoli ilikuwa kinyume kabisa, vuli ikakatika, na Februari 2017 serikali ikatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni lilinywea na viboko wakafa matopeni. Kisha ukaja ule wa 2020 hadi mapema 2023: La Niña miaka mitatu mfululizo, na misimu mitano ya mvua ikishindwa mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika rekodi za takriban miaka 70. Septemba 2021 ukame ukatangazwa tena kuwa janga. Timu ya kimataifa ya World Weather Attribution ilikadiria Aprili 2023 kwamba ukame wa namna hiyo umefanywa uwezekane angalau mara 100 zaidi na joto ambalo binadamu ameliongeza duniani, hasa kwa sababu joto hukausha udongo hata mvua iliyonyesha isikae.

Tukirudi kwenye masika, ujuzi huu wote hupungua nguvu. El Niño hufikia kilele Desemba na huwa inafifia kufikia Aprili. Dipoli imeshavunjika. Kinachotawala masika ni mambo ya muda mfupi. Kubwa kati ya hayo ni kundi la mawingu linalozaliwa Bahari ya Hindi na kusafiri kuelekea mashariki, likizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, ambalo Wamarekani Madden na Julian walilieleza mwaka 1971. Likiwa upande wetu, mvua huja kwa wingi. Likishapita, jua huwaka majuma mawili au matatu.

Pili ni vimbunga vya kusini. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita mashariki ya Madagaska na kuvuta upepo wenye unyevu kutoka Kongo hadi kwetu. Masika ya mwaka huo yakawa ya mafuriko. Mwaka uliofuata, Idai ikasimama kwenye Mlango wa Msumbiji na kuipiga Beira usiku wa tarehe 14 Machi. Safari hii unyevu ulinyonywa kuelekea kusini, na mvua ya Kenya ikachelewa hadi Aprili ikizeeka. Kimbunga kikiwa upande mmoja wa Madagaska kinatupa, kikiwa upande wa pili kinatunyima. Hakuna mtu, Nairobi wala London, anayeweza kusema Januari kimbunga cha Machi kitapita upande upi.

Juu ya hayo kuna mwelekeo wa muda mrefu. Tangu miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki yalikuwa yakipungua, hasa kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kuisha. Programu za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ya baadaye, kwa upande wao, nyingi husema mvua ya ukanda huu itaongezeka. Mgongano huo bado unawaumiza vichwa watafiti. Miaka ya karibuni, kama 2018, 2020 na 2024, ilimwaga mvua kubwa na kuwachanganya zaidi.

Anayetaka kujua maana ya masika kukosekana Lamu asome habari za mwaka 2004. Haukuwa mwaka wa La Niña, wala dipoli haikuwa na nguvu yoyote, na hapakuwa na jina la kutisha redioni. Pwani ya kaskazini ya Kenya ilikumbwa tu na joto na ukavu katika miezi ambayo ilipaswa kunyesha. Visima vikapungua, na watu wakafanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya maji yakiadimika: wakahifadhi. Mapipa, mitungi, ndoo na masufuria yalijazwa na kuwekwa ndani, na kwa kuwa maji yalikuwa haba, vyombo havikumwagwa na kusuguliwa mara kwa mara. Mbu aina ya Aedes, anayependa maji safi yaliyotulia karibu na watu, akapata makazi ndani ya nyumba.

Kati ya Mei na Julai mji mzima ukalala kwa homa na maumivu ya viungo. Ilikuwa chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 na 1953 kwenye nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika. Watafiti waliopima damu za wakazi wa kisiwa cha Lamu baadaye mwaka huohuo walikuta takriban asilimia 75 wameambukizwa. Kutoka Lamu ugonjwa ukateremka hadi Mombasa, mwaka 2005 ukaingia Komoro, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya watu wote waliugua, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umeingia India na kuwakumba watu zaidi ya milioni moja. Wanasayansi waliofuatilia chanzo wameuhusisha moja kwa moja mlipuko wa Lamu na ukame ule na vyombo vya maji majumbani. Ukavu wa masika ya mwaka mmoja, kwenye kisiwa ambacho ramani nyingi za dunia hazikionyeshi, uligeuka kuwa maradhi ya nusu ya Bahari ya Hindi.

Jambo linalonikera katika kisa hicho ni kwamba wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walikuwa na dawa yake. Kwenye birika la chooni walifuga visamaki vidogo vya kula viluwiluwi. Pipa la plastiki halina samaki.

Visiwani, nje ya mji wa Lamu, tegemeo ni jabia: uwanja mpana uliosakafiwa wenye mwinamo, unaokusanya mvua na kuiingiza kwenye tangi lililochimbwa ardhini. Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau na vijiji vya upande wa Kiwayu vimeishi nazo kwa muda mrefu, kwa sababu visima vyao vingi hutoa maji ya chumvichumvi. Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme jabia ina uwanja wa mita za mraba 500. Mei njema ya milimita 300 itaingiza, kwa ukomo wake, lita 150,000. Familia ya watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku huhitaji lita 36,000 kwa siku 300, kuanzia Juni hadi masika mengine. Basi jabia hiyo yatosha familia nne. Mei mbaya ya milimita 100 italeta lita 50,000: familia moja, na kidogo cha kumpa jirani. Na hapo sijatoa maji yanayokauka kwa jua, wala yanayovuja kwenye nyufa ambazo hakuna aliyeziziba.

Mji wa Lamu una hazina ya aina nyingine, vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga huimeza mvua kabla jua halijaikausha, na maji hayo matamu huelea chini kwa chini juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Visima vinavyoulisha mji vimechimbwa hapo. Mizani ya maji hayo mawili ni ya hatari: kwa nadharia, maji matamu yakishuka mita moja juu, chumvi hupanda karibu mita 40 kutoka chini. Mwaka wa mvua haba ukikutana na pampu zisizopumzika, kisima huharibika, na kisima kilichoingia chumvi hakitengenezwi kwa mwaka mmoja.

Takwa, ng'ambo ya mlango wa bahari kwenye kisiwa cha Manda, ilihamwa katika karne ya 17. Husemwa kwamba maji yaliingia chumvi, au vita na Pate viliwashinda, au yote mawili. Wenyeji walihamia Shela, na watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kurudi kwenye kaburi la mnara la Takwa kuomba mvua. Sioni ushirikina wa kuchekwa hapo. Naona mji unaokumbuka kilichouua mji uliotangulia.

Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019, na tangu Mei 2021 ina bandari kubwa Manda Bay inayotarajiwa kuleta wengi zaidi. Watu hao hawawezi kupangiwa maji kwa kusubiri utabiri wa msimu ambao sayansi yenyewe inakiri ni mgumu. Kinachowezekana ni utabiri wa majuma mawili au matatu, ambao kwa masika unaaminika kuliko ule wa miezi mitatu, kwa kuwa safari ya mawingu ya Madden na Julian huonekana ikija. Idara ya hali ya hewa na kituo cha kikanda cha utabiri wa hali ya hewa, ICPAC, hutoa taarifa hizo. Zinapaswa kufika Kizingitini kwa Kiswahili, kwa simu, na zikitenganisha visiwa na Mpeketoni ya bara, badala ya kusema tu "Pwani".

Na kwa kamati za maji za vijiji: Februari ndio mwezi wa kazi. Wakati huo jabia ziko karibu tupu, nyufa zinaonekana, mchanga unaweza kuzolewa, mbuzi na punda wafukuzwe kwenye uwanja na ua ujengwe. Kila shule ya msingi ya Pate iwe na kipimo cha mvua na daftari, mwalimu wa sayansi aandike kila asubuhi saa tatu. Miaka kumi ya daftari hilo itafundisha zaidi kuliko makala kama hii. Vilima vya Shela navyo visiguswe. Atakayetoa kibali cha kujenga juu yake, awe nani awe, atakuwa ameuza maji ya mji ambao hautakuwa na pengine pa kuyapata.